Roki ya Kusini ina undugu gani na kantri?

Tangu Beyoncé atoe albamu yake ya kantri Machi 2024, na hasa baada ya kuondoka nayo na tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka Februari 2025, mabishano mitandaoni hayajapoa. Kuna wanaouliza mwanamke mweusi wa R&B anatafuta nini kwenye muziki wa farasi na kofia pana. Kuna waliomwona Post Malone, kijana aliyeanzia kwenye rap, naye akitoa albamu ya kantri Agosti 2024, wakahitimisha kwamba siku hizi kila aliyekaukiwa na soko lake anakimbilia huko. Na katikati ya kelele hizo limejitokeza swali lenye utata zaidi: mbona hata zile bendi za zamani za roki kutoka kusini mwa Marekani, zenye nywele ndefu na magitaa ya kupasua masikio, nazo zinatajwa kwenye ukoo wa kantri? Zimehama lini?

Nitashughulika na swali hili la mwisho, maana ukilielewa, hayo mengine unaweza kuyajibu mwenyewe. Na jibu langu nalitoa mapema: hazikuhama. Uzio unaodaiwa kutenganisha kantri na muziki wa jirani zake ulijengwa na wauza santuri miaka ya 1920. Wanamuziki waliukuta, na tangu siku hiyo wamekuwa wakiuruka.

Kwanza majina, kwa sababu nusu ya ugomvi inatoka hapo.

"Kusini" ni yale majimbo yaliyojitenga na Marekani kuanzia mwishoni mwa 1860 ili kulinda utumwa, yakapigana vita ya wenyewe kwa wenyewe hadi 1865 na kushindwa: Georgia, Alabama, Mississippi, Tennessee, Florida, Carolina mbili na wenzao. Ni nchi ya pamba, makanisa mengi na umaskini uliowagusa weusi na weupe, ingawa sheria iliendelea kuwabagua weusi mpaka miaka ya 1960. Bluzi ni uimbaji uliochipuka huko kwa Wamarekani weusi baada ya utumwa: mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha unajibiwa, na noti zinapindwa makusudi zisikae wima. Kantri ni nyimbo za masimulizi za watu wa mashambani na milimani, zenye fidla, banjo na gitaa, zinazohadithia treni, pombe, jela, mama, Mungu na ndoa zilizovunjika. Wasomaji wa Kenya hapa hawahitaji kuelezwa sana. Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams wamepigwa redioni miaka nenda miaka rudi, na Sir Elvis Otieno amejijengea jina kwa kuimba kantri majukwaani humo humo Kenya.

Roki sasa. Chukua santuri ya kwanza ya Elvis Presley, iliyotolewa Memphis mwaka 1954. Upande mmoja kuna wimbo wa bluzi wa Arthur Crudup, mwanamuziki mweusi wa Mississippi. Geuza upande wa pili, unakuta wimbo wa Bill Monroe, mzungu wa Kentucky anayehesabiwa kuwa baba wa bluegrass, ile kantri ya kasi ya banjo na fidla isiyotumia umeme. Bluzi huku, kantri kule, sahani moja. Sijaona maelezo bora ya roki kuliko santuri hiyo, na hayana hata neno moja la kitaalamu.

Roki ya Kusini, basi, ni kazi ya bendi zilizotoka katika majimbo hayo mwishoni mwa miaka ya 1960 na kustawi miaka ya 1970, ambazo hazikujaribu kuficha wazazi wake wawili. The Allman Brothers Band, Lynyrd Skynyrd, The Marshall Tucker Band, Charlie Daniels. Mbili za kwanza zilianzia mji mmoja, Jacksonville, Florida. Allman Brothers walihamia Macon, Georgia, mji uliowalea waimbaji weusi maarufu Otis Redding na Little Richard, wakawa chini ya lebo ya Capricorn ya Phil Walden, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wa Redding.

Turudi kwenye uzio. Makampuni ya santuri yalipogundua kwamba watu wa Kusini nao wana pesa ya kununua sahani, yaliwatenga wateja mara moja. Mamie Smith aliporekodi bluzi mwaka 1920 na santuri ikauzwa kwa wingi mno, ikafunguliwa orodha ya santuri za kuuzwa kwa weusi. Fiddlin' John Carson alipopiga fidla yake Atlanta mwaka 1923, ikafunguliwa orodha nyingine ya kuuzwa kwa weupe wa mashambani. Kampuni ile ile, Okeh, na mtu yule yule kwenye shughuli zote mbili, Ralph Peer. Orodha hizo zilipangwa kwa rangi ya mteja, hazikupangwa kwa sauti ya muziki. Mweusi aliyepiga fidla ya milimani alikosa pa kuwekwa, na mara nyingi hakurekodiwa kabisa. Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba kantri ni ya wazungu peke yao. Banjo yenyewe, chombo ambacho leo kinachorwa mikononi mwa mzungu wa milimani, asili yake ni vyombo vya Afrika Magharibi vilivyovuka bahari na watumwa.

Miaka hiyo hiyo biashara ya santuri ilifika kwetu pia. Mwaka 1927 Peer alikwenda na mitambo yake Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, akairekodia kampuni ya Victor. Mwaka uliofuata Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi taarab ya Kiswahili kwa HMV. Kampuni hizo mbili zilitumia nembo moja, ya yule mbwa anayesikiliza gramafoni.

Kule Bristol ndiko Peer alikompata Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi aliyekuwa na kifua kikuu, ambaye wengi humwita baba wa kantri. Ukisikiliza nyimbo zake zilizompa umaarufu utaduwaa kidogo: ni bluzi. Mistari inarudiwa kama ya bluzi, hadithi ni za bluzi, ila katikati anaingiza ile sauti ya kupanda na kushuka ghafla kutoka kooni, kama wachunga ng'ombe wa milima ya Uswisi. Alikulia relini, akipishana na vibarua weusi na nyimbo zao. Na mwaka 1930, miaka mitatu kabla hajafa, alirekodi wimbo mmoja Los Angeles huku tarumbeta ikipigwa na Louis Armstrong. Baba wa kantri na mfalme wa jazi, studio moja, wakati ambao katika majimbo mengi ya Kusini wasingeruhusiwa kula meza moja.

Rodgers alisafiri mbali kuliko alivyojua. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis nchini Kenya. Wasichana wakamwimbia kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Chemirocha ni Jimmie Rodgers. Santuri zake zilikuwa zimefika vijijini, jina likapewa matamshi ya Kikipsigis, na mwenye sauti ile ya ajabu akapewa mwili unaofanana nayo. Rodgers mwenyewe alikuwa amekufa miaka 17 kabla.

Mfano wa pili ni Hank Williams, jabali la kantri aliyefariki siku ya mwaka mpya 1953 akiwa na miaka 29. Akiwa mtoto Alabama alifundishwa gitaa na Rufus Payne, mwanamuziki mweusi wa mitaani aliyejulikana kwa jina la Tee Tot. Williams mwenyewe alisema wazi kwamba mafunzo yake ya muziki aliyapata kwa mtu huyo. Kwa hiyo kijana wa Kusini aliyezaliwa miaka ya 1940 na kukua na redio ya nyumbani alikuwa anasikiliza kantri iliyokwisha kulowana bluzi. Akija kuunda bendi ya roki, hawezi kuitenga moja akabakiwa na nyingine.

Hebu tukae kidogo na wimbo mmoja, kwa sababu maneno matupu hayatoshi: "Ramblin' Man" wa Allman Brothers, 1973. Mtunzi ni Dickey Betts, mpiga gitaa aliyekulia katika familia ya Florida iliyopiga muziki wa fidla na nyuzi. Jina la wimbo amelichukua kwa Hank Williams, aliyekuwa na wimbo wake wenye jina hilo tangu 1951. Bendi iliusita mwanzoni. Wenyewe walijihesabu kuwa watu wa bluzi na jazi, wakaona huu umezidi kantri. Sikiliza mwisho wake, pale maneno yanapoisha na magitaa yakabaki. Kuna gitaa mbili zinazokwenda pamoja, moja juu kidogo ya nyingine, hatua kwa hatua, bila kupishana. Hiyo ni mbinu ya fidla pacha za bendi za dansi za Texas miaka ya 1930 na 1940, imehamishiwa kwenye gitaa la umeme. Sikiliza pia namna Betts anavyovuta nyuzi zipande polepole mpaka kwenye noti. Analiiga gitaa la chuma, lile linalolazwa mbele ya mpigaji na kutoa mlio wa kuteleza, ambalo lenyewe kantri iliazima Hawaii. Noti anazochagua ni angavu, za furaha, tofauti na zile za huzuni za bluzi. Halafu hadithi: mtu aliyezaliwa kwenye kiti cha nyuma cha basi, barabara kuu namba 41, ambayo kweli inapita Macon. Hakuna kitu cha kikantri kuliko hicho.

Wimbo huo ulifika namba 2 kwenye chati kuu ya Marekani, ukiwa wimbo wao pekee kuingia kumi bora. Ulizuiwa kileleni na Cher, kama kuna anayetaka kumlaumu mtu.

Ukitaka kuisikia bluzi ya bendi hiyo hiyo, rudi nyuma mpaka Duane Allman, ndugu yake mwimbaji Gregg, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki Macon mwaka 1971 akiwa na miaka 24. Duane alivaa kidoleni kichupa cha dawa ya mafua, Coricidin, akakitelezesha juu ya nyuzi kwa mtindo wa wapiga bluzi weusi. Kabla ya bendi alikuwa mpigaji wa studio ya FAME huko Muscle Shoals, Alabama, ambako vijana weupe wa kijijini waliwapigia waimbaji weusi kama Wilson Pickett. Naye Jaimoe, mmoja wa wapiga ngoma wawili wa Allman Brothers, ni mtu mweusi kutoka Mississippi aliyewahi kumpigia Otis Redding. Hiyo ndiyo bendi iliyotoa wimbo "uliozidi kantri".

Betts hakuishia hapo. Mwaka 1974 alitoa albamu yake mwenyewe, "Highway Call", akamwalika Vassar Clements, mpiga fidla aliyewahi kuwa kwenye bendi ya Bill Monroe, na John Hughey kwenye gitaa la chuma. Upande wa pili umetawaliwa na kipande kirefu kisicho na maneno ambamo Betts na Clements wanapokezana kama watu waliokua wote. Kwangu hii ndiyo kazi inayolijibu swali letu vizuri kuliko zote, na haikumsubiri mtu azeeke au soko lake life. Allman Brothers walikuwa juu kabisa wakati huo.

Lynyrd Skynyrd wanadhaniwa kuwa wagumu zaidi, magitaa matatu na makelele, lakini mwimbaji wao Ronnie Van Zant alikuwa mtu wa kantri moyoni. Julai 1976 walirekodi onyesho lao katika ukumbi wa Fox, Atlanta, na mle ndani wamo wakipiga wimbo wa Jimmie Rodgers wa mwaka 1927, "T for Texas", kwa sauti ya kutikisa kuta. Mwaka uliofuata waliweka wimbo wa Merle Haggard, nyota wa kantri, kwenye albamu ya "Street Survivors". Albamu hiyo ilikuwa na siku tatu tu madukani pale ndege yao ilipoanguka Mississippi, tarehe 20 Oktoba 1977, ikamuua Van Zant, mpiga gitaa Steve Gaines na dada yake Cassie, pamoja na wengine watatu.

Wengine nawapitia haraka. Charlie Daniels alikuwa mpigaji wa studio Nashville, mji wa Tennessee ulio makao makuu ya biashara ya kantri, akashiriki albamu ya Bob Dylan ya 1969, kisha 1979 akashika namba 1 ya kantri na namba 3 ya chati kuu kwa wimbo mmoja wa fidla kuhusu shindano na shetani. Marshall Tucker Band wa South Carolina waliweka filimbi kwenye roki ya mashambani, na wimbo wao "Can't You See" ukarekodiwa na Waylon Jennings, nyota wa kantri, mwaka 1976. Njia pia ilikuwa ya pande mbili: Hank Williams Jr., mtoto wa yule Hank, alichoka kulipwa ili aimbe kama baba yake, akawaita Toy Caldwell wa Marshall Tucker na Charlie Daniels, na mwaka 1975 ikatoka albamu iliyompeleka upande wa roki.

Tuna mfano wetu wa mabishano haya. Vikundi kama East African Melody, na baadaye Jahazi, vilipoingiza vinanda vya umeme, gitaa la besi na mdundo wa kuchezeka, wazee wa Zanzibar walisema hiyo si taarab, taarab watu hukaa wakasikiliza. Lakini taarab hiyo waliyoitetea ilikuwa imechanganya udi na ganuni za Misri na fidla ya Ulaya, na Siti binti Saad ndiye aliyeivalisha Kiswahili mbele ya wasikilizaji wapya, baada ya kuimbwa kwa Kiarabu kwa wakubwa. Anayesema "hii si ile" mara nyingi analinganisha na picha ya siku aliyoikuta yeye. Kwenye kantri ni hivyo hivyo: gitaa la chuma ambalo leo ni alama ya kantri halisi, siku moja lilikuwa mgeni.

Sasa zile imani zinazozunguka. Ya kwanza, kwamba roki ya Kusini ni ile bendera ya waasi wa 1861, basi. Bendera ilikuwepo, tusifiche. Skynyrd waliitundika nyuma ya jukwaa, na kampuni yao ya santuri iliipenda kama chambo cha mauzo. Mwaka 2012 Gary Rossington, mmoja wa waasisi, alitangaza kwamba wanaiacha, mashabiki wakaja juu, akarudi nyuma. Ni doa, na kwa msikilizaji mweusi ni zaidi ya doa. Lakini bendera haipigi gitaa. Kilichomo ndani ya nyimbo kina mikono ya weusi kuanzia banjo mpaka kichupa cha Duane.

Ya pili, kwamba wanaorudi kantri wanafuata pesa. Hapa nitakubali nusu. Kuanzia miaka ya 1980 redio za roki Marekani zilifuata mitindo mingine, na aliyependa gitaa la kishamba na hadithi ya mtu wa kawaida akabaki na redio ya kantri tu. Mwaka 1994 Nashville ilitoa albamu nzima ya nyota wa kantri wakiimba nyimbo za Skynyrd. Mwaka 2005 wadogo zake Ronnie, Donnie wa bendi ya 38 Special na Johnny aliyechukua nafasi ya kaka yake Skynyrd, walitoa albamu ya kantri Nashville kwa jina la Van Zant, na redio za kantri zikaipokea. Soko lilihama na wao wakalifuata. Sioni aibu yake. Ila soko halielezi kwa nini Skynyrd walikuwa wakiimba Rodgers mwaka 1976, wakati roki ndiyo iliyokuwa na pesa zote.

Kizazi cha leo kinaendelea. Jason Isbell, mtu wa kaskazini mwa Alabama, alipiga gitaa la kelele kwenye Drive-By Truckers, bendi iliyotunga albamu nzima kuhusu roki ya Kusini, akatoka 2007. Mwaka 2013 akatoa "Southeastern", ambayo gitaa la umeme limepewa kazi ndogo na maneno yamewekwa mbele, kama ilivyo desturi ya kantri. Redio za kantri hazikumpiga sana, za roki nazo zikawa hazijui la kumfanyia. Wenye tuzo walikuwa na boksi la tatu tayari, wameliita Americana, lenye Grammy yake tangu 2010, na Isbell ameibeba zaidi ya mara moja. Mwaka 2025 Grammy wakatangaza kuikata tuzo ya albamu ya kantri vipande viwili kuanzia 2026: ya asili na ya kisasa. Betts, kama angekuwa hai, "Highway Call" angeipeleka dirisha lipi?